Mbwa Hajambo

Jumatano, 26 Novemba

Mtihani wa kidato cha nne uliisha wiki iliyopita. Nimerudi shambani kwa babu Klementi kumsaidia kuokota korosho. Daftari hili ni la Baiolojia. Kurasa za mwisho hazina kitu, na mama yangu, aliyebaki kijijini, amesema daftari lenye kurasa halitupwi. Basi nitaandika humu. Mambo mengi huwa siyasemi. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu: "Anajua, lakini hasemi." Mama alipomsomea babu, babu alicheka akasema, "Mke wangu huyo, mwacheni." Ananiita mke wake tangu nizaliwe, ndivyo babu wa huku wanavyowatania wajukuu wao.

Alhamisi, 27 Novemba

Tumeokota tangu alfajiri hadi saa sita. Mgongo.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo nimeokota korosho za popo. Wenzangu wa shule waliotoka pwani walikuwa hawazijui, kwa hiyo naeleza.

Wako popo wakubwa wenye sura kama ya kijibwa. Usiku wanakuja mikoroshoni, lakini hawali pale pale. Popo huchuma bibo, lile tunda la mkorosho, pamoja na korosho yake, akaenda kuning'inia kwenye mti wao, akanyonya bibo, korosho akaiangusha. Asubuhi chini ya mti huo unakuta korosho zimejaa kama mtu amemwaga gunia. Kwetu huku korosho hizo hazina mwenyewe. Ni za mwanamke au msichana atakayefika wa kwanza, hata kama mti umo kwenye shamba la mtu mwingine.

Mti wa popo wetu ni mkuyu wa bondeni, na uko upande wa mzee Tomaso. Mikorosho iliyo karibu ni ya babu. Hapo ndipo penye ugomvi. Mzee Tomaso husema kilichoanguka kwake ni chake. Babu husema popo hawakupewa ramani. Mbwa wa babu, anayefukuza ngedere shambani, alipewa jina kwa ajili ya ugomvi huo. Anaitwa Watachoka. Babu akitaka kumsema jirani yake, husimama mpakani akamwita mbwa kwa sauti kubwa, na mbwa yuko hapo hapo miguuni pake.

Jumatatu, 1 Desemba

Mzee Tomaso amepita. Nilimwamkia, akasema "marahaba" bila kunitazama. Ni mtu mkavu.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimekwenda mkuyuni mapema. Watachoka alinitangulia. Nilimkuta anacheza na kitu kwenye majani makavu, kumbe ni popo. Ilikuwa mchana kweupe, naye hakuweza kuruka, alikuwa anaburura bawa moja na kutoa sauti kama mlango mbovu. Mbwa alimwuma, popo naye akamng'ang'ania mdomoni. Niliwaachanisha kwa kijiti. Popo alikufa. Mdomoni mwa mbwa palikuwa na damu kidogo, sikujua ni ya nani. Nilimsukuma popo shimoni kwa kijiti kile kile nikaendelea kuokota. Nimepata kapu moja kasoro.

Sikumwambia babu. Sikuona kuwa ni habari.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua ya kwanza. Korosho zilizoanikwa tumezifunika kwa turubai.

Jumapili, 14 Desemba

Kanisani. Hakuna jipya.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mzee Tomaso ndiye anayepiga ngoma kwaya ikiimba. Sikuwahi kumtazama vizuri. Akipiga hufumba macho na kutabasamu peke yake kama mtu anayekumbuka jambo zuri. Babu alinikuta namtazama akaninong'oneza, "Anapiga vizuri, mwizi wa korosho."

Jumapili, 28 Desemba

Jana nilisahau kapu langu chini ya mkuyu. Leo nimelikuta limetundikwa kwenye tawi la mpakani, upande wetu, na limefunikwa kwa jani la mgomba mvua isiingie. Korosho zote zimo. Asingekuwa mwingine ila mzee Tomaso. Babu nimemwambia nililisahau pale pale mpakani.

Jumanne, 6 Januari

Watachoka hajala tangu jana. Sauti yake imekauka, akibweka ni kama anakohoa. Babu anasema amemeza mfupa.

Jumatano, 7 Januari

Mbwa amemwuma mzee Tomaso.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa mkuyuni, msimu umekwisha na korosho ni za kutafuta. Mzee Tomaso akaja na jembe lake. Alisema, "Mjukuu, leo umebakiwa na za kuhesabu." Ilikuwa mara ya kwanza kunitania. Nilitaka kumshukuru kwa lile kapu. Hapo Watachoka akatoka nyuma yangu. Hakubweka, hakuunguruma. Alimwuma mkono wa kushoto, kati ya kidole gumba na cha shahada, akaning'inia hapo mpaka mzee akampiga kwa mpini wa jembe.

Babu alishuka mbio aliposikia kelele. Aliuona mkono unavuja damu, na jambo la kwanza alilosema ni, "Nilikuambia mpaka uko wapi. Mbwa amefanya kazi yake."

Mzee Tomaso akamjibu, "Klementi, mbwa huyu hakunibwekea. Mbwa wa kazi hubweka kwanza."

"Ana kadi," babu akasema. "Amechanjwa mwezi wa tisa. Nenda kaulize."

Ni kweli kadi ipo. Babu anaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Nilikuwepo bwana mifugo Josephat alipoijaza.

Alhamisi, 8 Januari

Bibi Marietha, mke wa mzee Tomaso, alikuja hadi mpakani kuomba kadi. Hakuvuka. Niliipeleka mimi. Zahanati wamemwosha mzee jeraha kwa sabuni na maji mengi. Kwa kuwa mbwa ana kadi, wamesema atazamwe siku kumi. Siku kumi zikipita mbwa mzima, basi hana kichaa. Akiumwa au akifa, waambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu sindano ziko hospitali ya wilaya na hazitakiwi kuchelewa.

Bibi Marietha akaniambia, "Mimi kwa babu yako sipandi. Nitakuwa nakuuliza wewe kisimani."

Ijumaa, 9 Januari

Taya la Watachoka limelegea na mate yanamchuruzika. Anatazama maji hanywi. Babu amemfunga nyuma ya kibanda. Leo alimpanua mdomo akaingiza vidole kutafuta ule mfupa. Hakuupata. Nilimwambia, "Babu, usimshike." Akasema, "Mbwa wangu atanifanya nini?"

Jumamosi, 10 Januari

Watachoka amekufa saa nne asubuhi.

Babu alichimba shimo nyuma ya mikorosho michanga. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anawaza. Alipomaliza kufukia alisema, "Sikiliza, mke wangu. Tomaso akijua mbwa amekufa atasema nimefuga kichaa ili nimwue. Atakwenda kwa mtendaji wa kijiji, shamba hili litakuwa lake. Mbwa amekufa kwa mfupa. Kadi ipo. Ukiulizwa, hajambo."

"Na mkono wa mzee Tomaso?"

"Kadi ipo, Bene."

Hakuniita mke wake.

Jumapili, 11 Januari

Kisimani, kabla ya misa. "Mbwa hajambo?" "Hajambo, bibi."

Jumatatu, 12 Januari

"Mbwa hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Anakula?"

"Anakula."

Hilo la kula hakuna aliyenifundisha. Nimelitunga mwenyewe.

Jumanne, 13 Januari

Leo alikuja na ukoko wa wali kwenye jani. Alisema nimpelekee mbwa, asije akashikwa na njaa akakata kamba akatoroka kabla siku kumi hazijatimia. Wao wenyewe hawali wali ila siku ya sikukuu. Nadhani aliupika makusudi. Niliuchukua, nikasema asante. Nikaumwaga juu ya kaburi la mbwa na kukaa pale mpaka sisimizi wakaja.

Jumatano, 14 Januari

"Mbwa hajambo?" "Hajambo, bibi."

Alihesabu kwa vidole. "Leo siku saba. Bado tatu tupumue, mjukuu wangu. Mzee halali, ila hataki nimwone." Halafu akasema, "Nakuuliza wewe kwa sababu wewe si mwenye maneno. Mtu wa maneno machache hana pa kuuweka uongo."

Nilimtwika ndoo. Nilirudi nikafungua kurasa za mwanzo za daftari hili. Nimechora kirusi kwa rangi mbili na kuandika kwa Kiingereza cha ubaoni kwamba hakiwezi kuishi peke yake, kinahitaji mwili wa mwingine, na kinaweza kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine. Mwalimu aliweka vema mbili kubwa. Nilijibu swali lake kwenye mtihani. Siku ya popo sikulikumbuka hata kidogo.

Alhamisi, 15 Januari

Asubuhi sikwenda kisimani. Nilikwenda kijijini, mwendo wa saa moja, mpaka ofisi ya bwana mifugo. Nilijua nikifika sauti itakwama, kwa hiyo niliandika njiani kwenye karatasi, nikiwa nimeiweka juu ya goti:

"Shikamoo. Mbwa wa babu Klementi aliyemwuma mzee Tomaso amekufa. Taya lililegea, hakunywa maji. Babu alimtia vidole mdomoni. Mwezi wa kumi na mbili tarehe nne aliumana na popo aliyeanguka, nilimwona. Benadetha."

Sikuandika siku aliyokufa. Nilianza kuiandika, nikaacha.

Bwana Josephat alisoma mara mbili, akachukua kofia ya pikipiki. Hakunigombeza. Tulipofika, babu alikuwa anapalilia. Alimwona bwana mifugo, akaniona mimi nyuma yake, akaliegemeza jembe.

"Mke wangu amesema," akasema.

"Amekufa lini, mzee?"

"Jana jioni."

Bwana Josephat alivaa glavu ndefu na barakoa, akafukua. Harufu ilifika mpaka nilipokuwa. "Huyu wa jana?" akauliza.

"Wa jana," babu akasema.

Bwana Josephat akanitazama. Mimi nikalitazama jembe. Alichukua kichwa, akakitia kwenye ndoo yenye barafu, akasema kimeharibika lakini maabara watajaribu. Kisha akasema hilo litasubiri, watu hawasubiri. Kesho wazee wote wawili waende hospitali.

Ijumaa, 16 Januari

Nimewasindikiza. Bibi Marietha alibaki na mifugo, lakini alikuja barabarani kunishika mikono yote miwili. "Mungu akubariki. Umesema bila kuchelewa." Sikumjibu. Yeye alidhani ni aibu yangu ya siku zote.

Hospitalini walikaa benchi moja, nami mwisho wa benchi. Kisha mzee Tomaso akaanza.

"Nawe Klementi umeumwa na mbwa wako mwenyewe?"

"Sikuumwa. Nilimtia mkono mdomoni."

"Ulikuwa unatafuta nini humo? Korosho zangu?"

Babu alikaza uso, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Anaitwa nani tena yule mbwa?" mzee Tomaso akauliza.

"Unalijua jina lake."

"Nalijua. Miaka sita nalisikia asubuhi na jioni. Mimi sikuchoka, mwenzangu."

"Hata mimi sikuchoka."

Muuguzi akatoka, akauliza nani anaanza. Mzee Tomaso akasema, "Aanze huyu. Sindano nazo ziko upande wake wa mpaka."

Jumatatu, 19 Januari

Sindano ya pili. Walikwenda wenyewe.

Ijumaa, 23 Januari

Sindano ya tatu. Babu amerudi na mbegu za mbaazi kutoka kwa mzee Tomaso. Amesema, "Ana mbegu nzuri mno, sijui alikuwa anazificha wapi."

Jumamosi, 31 Januari

Matokeo yametoka. Nimepata daraja la tatu. Baiolojia nimepata B. Mama alilia kwa furaha. Mimi nilikata simu nikaenda kupanda mahindi.

Ijumaa, 13 Februari

Sindano ya mwisho. Mvua imeshika. Babu na mzee Tomaso wamepanda mbaazi kwenye ule ukanda wa mpakani waliokuwa wanaugombania, mmoja anachimba, mwingine anafukia.

Alhamisi, 19 Februari

Majibu ya maabara yamekuja. Bwana Josephat alikuja mwenyewe kueleza, akakaa kwenye kigogo.

Amesema si kichaa cha mbwa kile tunachokijua. Ni ndugu yake. Anaishi kwa popo, na si mara nyingi anatoka kwao kwenda kwa mnyama mwingine. Akitoka, mbwa au paka huumwa vile vile kama wa kichaa. Chanjo ya mbwa ilitengenezwa kwa ajili ya yule wa kawaida, huyu ndugu haimzuii vizuri.

"Kwa hiyo kadi yangu ilikuwa ya uongo?" babu akauliza.

"Kadi yako ni ya kweli, mzee. Haikuandikiwa ugonjwa huu."

"Na sindano zetu?"

Bwana Josephat alivua kofia. "Zinaweza kusaidia. Zinaweza zisisaidie. Nikisema najua nitakuwa nawadanganya."

Alipokuwa anawasha pikipiki nilimfuata. Niliuliza kwa mdomo wangu, si kwa karatasi: kama wangechomwa siku tano kabla, ingekuwaje?

Alizima pikipiki. "Mapema ni bora siku zote. Lakini kwa huyu, hata mapema sijui." Akanitazama. "Kwa hiyo ni siku tano."

Nilitikisa kichwa kukubali.

Nimeligeuza hilo "sijui" siku nzima. Nilitaka linifariji. Angesema "isingesaidia", ningelala. Angesema "ingesaidia", ningejua nimefanya nini.

Ijumaa, 27 Februari

Mzee Tomaso anasema kovu linamwasha, na mkono mzima kama umekaliwa na siafu.

Jumamosi, 28 Februari

Homa. Amechukuliwa na gari hospitali.

Jumapili, 1 Machi

Tumekwenda kumwona. Bibi Marietha ameifunika ndoo kwa kanga na kukigeuza kikombe, kwa sababu mzee akiona maji koo linambana. Ana kiu na hawezi kunywa. Alimtambua babu. Alisema kwa shida, "Klementi, mbaazi zimeota?"

"Zimeota."

"Upande gani?"

"Kote."

Babu alitoka nje, akasimama akiuelekea ukuta.

Jumanne, 3 Machi

Mzee Tomaso amefariki saa saba mchana.

Jumatano, 4 Machi

Mazishi. Waganga wa hospitali walimwandaa wenyewe, jeneza halikufunguliwa. Kuchimba kaburi ni kazi ya vijana, lakini babu aliingia shimoni akachukua jembe na hakuna aliyethubutu kumtoa. Kwaya iliimba bila ngoma.

Jumanne, 10 Machi

Vijana wamekuja na petroli kuuchoma mkuyu pamoja na popo wake. Bwana Josephat alikuwa ameonya kwamba popo wakichomwa hutawanyika wakahamia kwenye mapaa, na kwamba kinachotakiwa ni kutowashika, kutookota chini yao na kuwafungia mbwa mbali. Hawakumsikia. Bibi Marietha alitoka ndani na kaniki yake nyeusi, akasema, "Mti ni wa Tomaso. Acheni." Wakaacha.

Jumapili, 15 Machi

Juzi niliungama. Padre amenipa kitubio na kuniondolea dhambi. Lakini padre si yeye aliyekuwa ananiuliza kisimani kila asubuhi.

Watu bado wananisifu. Mama Clemence, jirani yetu, aliniambia baada ya misa kwamba ningechelewa kusema, na babu yangu angekuwa kaburini. Babu alikuwa karibu, alisikia. Tukiwa njiani akasema, "Bene, ile siku niliyoitaja niliitaja kwa ajili yangu. Usiibebe."

Nikamwambia, "Tunaibeba wote, babu."

Kila asubuhi anatazama vidole vyake, kimoja kimoja, anavikunja na kuvikunjua. Anadhani sioni.

Ijumaa, 20 Machi

Nimemkuta bibi Marietha kisimani. Nilikuwa nimejipanga kusema maneno mengi, nikasema haya tu:

"Bibi, mbwa alikufa Jumamosi, tarehe kumi. Nilikwambia hajambo Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alikuwa ameshakufa."

Aliendelea kuteka. Ndoo ilijaa, maji yakamwagika, akaendelea kumimina.

"Na ukoko wangu?"

"Niliumwaga juu ya kaburi lake."

Alikaa kitako kwenye jiwe. Kisha akafunga kaniki vizuri, akaishika ndoo kwa mikono miwili. Nilisogea kumtwika kama siku zote.

"Leo nitajitwika mwenyewe," akasema.

Alishindwa mara mbili. Mara ya tatu ilifika kichwani, nusu ya maji yakiwa yamemwagika. Nilisimama mpaka alipopotea kwenye mihogo.

Jumamosi, 21 Machi

Nilikwenda kisimani kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha, si kwa ujasiri. Alikuwapo. Ndoo yake imejaa, imefunikwa kwa majani, naye amesimama pembeni yake kama mtu anayesubiri.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alitazama njia inayopanda kwetu.

"Klementi hajambo?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. Asubuhi babu alishika kikombe cha chai kwa mkono ule ule, akanywa, akaomba kingine.

"Hajambo, bibi. Vidole havimwashi. Amekunywa chai."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akazungusha kata yake ya kitambaa, akaiweka kichwani, akainama mbele yangu.

"Nitwike."